Dubu wa Barafu Katika Nchi ya Chai

Mwongozo wa kipindi cha hadithi kwa watoto wa mwaka 1 hadi 3, Fort Ternan na vitongoji vyake

Mtoto wa miaka miwili wa Fort Ternan hajaona theluji, lakini barafu anaijua. Ameisikia ikigonga mabati mpaka wakubwa wakashindwa kusikilizana, na mvua ilipotulia kuna ndugu yake aliyetoka mbio akamletea punje moja kiganjani. Miinuko ya Kericho na Nandi ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Mawe hayo huchanachana majani ya chai, na hasara yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba katika miaka ya 1960 na 1970 ndege zilirushwa huku kutia mawingu kemikali ili mawe yapungue. Kwa mkulima ni balaa. Mkutubi anayetaka kuwasimulia watoto habari za Aktiki, nchi ya ncha ya kaskazini, atapata hapo pa kuanzia.

Wapo watakaouliza: mtoto asiyemjua vizuri hata kima wa msitu wa Londiani, dubu wa barafu wa nini? Swali ni la haki, na jibu lake liko Fort Ternan penyewe. Jina la mji huu mdogo wa reli lilienea duniani kwa sababu ya wanyama ambao hakuna mkazi aliyewahi kuwaona. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika shamba la Fred Wicker, yalichimbuliwa mabaki ya wanyama wa miaka milioni 14 hivi iliyopita. Miongoni mwao alikuwamo nyani mkubwa wa kale ambaye mtafiti wa mabaki ya kale Louis Leakey alimpa jina la Kenyapithecus wickeri. Watu wa hapa wamezoea kuzungumza juu ya mnyama asiyeonekana. Na mtoto mdogo, kwa upande wake, hajali mnyama anakaa umbali gani. Anachotaka kujua ni kama mnyama huyo ana mama, anakula nini, na analala wapi.

Kwa nini wadogo kiasi hicho

Watoto huanza PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, wakiwa na miaka minne. Kabla ya hapo wengi hubaki mikononi mwa mama, bibi, shangazi au dada mkubwa, na mara nyingi mlezi huyo hana kitabu hata kimoja cha kuwaonyesha. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa serikali za kaunti jukumu la malezi ya watoto wadogo na elimu ya chekechea. Jedwali hilohilo linazipa pia maktaba. Majukumu haya mawili yako kwenye meza moja, na kipindi cha hadithi ni njia rahisi ya kuyakutanisha bila kungoja jengo jipya. Chumba cha chekechea kilicho tupu Jumamosi asubuhi kinatosha, au ukumbi wa kanisa, au kivuli cha mti wakati wa kiangazi.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kuhusu watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto wa chini ya miaka miwili hafai kukalishwa mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Muda ambao mtoto ametulia, mwongozo huo unasema, utumike kumsomea na kumsimulia hadithi. Siku hizi simu imefika kila boma, na kumpa mtoto katuni ili mama apate kuchuma majani kwa utulivu kunaeleweka kabisa. Maktaba haiwezi kumlaumu. Inachoweza ni kumpa kitu kingine cha kushika.

Mlezi asiyejua kusoma asidhani kipindi hiki si chake. Utafiti uliofanywa na Knauer na wenzake katika vijiji vya magharibi mwa Kenya, na kuchapishwa mwaka 2020, uliwapa walezi vitabu vya picha na kuwafundisha namna ya kuzungumza na mtoto juu ya picha hizo: kuuliza, kungoja, kuongezea jibu la mtoto. Watoto walijifunza maneno ya vitabuni, na wale ambao walezi wao hawakujua kusoma hawakuachwa nyuma. Kilichomsaidia mtoto ni mazungumzo. Kwa hiyo mkutubi akiona bibi ameshika kitabu kichwa chini miguu juu huku anamwonyesha mjukuu manyoya ya dubu, asimkatize. Kazi inafanyika.

Wanyama watatu wanatosha

Kosa la kawaida la anayeandaa kipindi kama hiki ni kutaka kuleta Aktiki nzima. Mtoto wa umri huu huvumilia dakika kumi na tano hadi ishirini, na katika muda huo wanyama watatu wanamtosha. Kijitabu hiki kinapendekeza dubu wa barafu, mbweha wa Aktiki na maskoksi. Pengwini abaki nje. Anapendeza, na vitabu vingi vya watoto humchora akicheza na dubu wa barafu, lakini pengwini wa theluji ni wa Antaktiki, ncha ya kusini, na wawili hao hawakutani porini. Ni afadhali mtoto aanze na jambo la kweli.

Dubu wa barafu ndiye aje kwanza, kwa sababu habari za uzazi wake mtoto anazielewa mwilini mwake. Mama huchimba pango ndani ya theluji na kuzaa humo katikati ya majira ya baridi, mara nyingi mapacha. Mtoto wa dubu huzaliwa hajafungua macho, uzito wake ni nusu kilo hivi, ilhali mama yake huwa na uzito wa mamia ya kilo. Kwa miezi kadhaa mama hali chochote. Huishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini huku akinyonyesha, na familia hutoka pangoni baridi inapoanza kulegea, mnamo Machi au Aprili. Kina mama waliokaa chumbani wananyonyesha watasikia habari hii kwa sikio lao wenyewe.

Hapo mkutubi asimulie kwa maneno machache yanayorudiwarudiwa. Nje baridi, ndani joto. Nje upepo, ndani maziwa. Nje giza, ndani mama. Kila neno «ndani» linapotajwa, mlezi amkumbatie mtoto wake. Mistari hiyo isomwe mara tatu au nne, na ikisomwa mara ya pili kwa Kipsigis itaingia zaidi. Fort Ternan iko pale chai ya milimani inapoiachia nafasi kahawa na miwa ya upande wa Koru na Muhoroni, kwa hiyo chumbani huenda akawamo pia mtoto wa Kijaluo au wa Kiluhya. Mkutubi awaombe mama zao watoe mistari hiyo kwa lugha za nyumbani kwao.

Mbweha wa Aktiki ni mchezo mtupu. Majira ya baridi manyoya yake ni meupe asionekane kwenye theluji. Kiangazi kikifika huwa ya kahawia, mithili ya mawe na udongo unaomzunguka. Vinavyohitajika ni shuka jeupe, leso ya kahawia, na mbweha wa soksi. Mbweha anajificha chini ya shuka, watoto wanaita, anachomoza pua. Watoto wa umri huu hawachoki kuona kitu kikipotea na kurudi, na mkutubi asiwe na haraka ya kuwatoa hapo.

Maskoksi ndiye atakayewagusa wafugaji. Ni mnyama mkubwa wa manyoya marefu yanayokaribia kugusa ardhi, anafanana na nyati lakini kiukoo yuko karibu zaidi na mbuzi na kondoo. Mbwa mwitu wanapovamia, maskoksi wakubwa hujipanga bega kwa bega, pembe zikitazama nje, ndama wakiwa nyuma yao au katikati. Jambo hili lisisimuliwe tu. Walezi wote wasimame duara, migongo ikiwaelekea watoto, nyuso zikitazama nje, na watoto waachwe katikati. Mkutubi azunguke nje ya duara akiunguruma kidogo, asipate pa kupenya. Ukumbi mzima utachangamka, na hata baba aliyekuja kwa kusita akakaa karibu na mlango atapata kazi ya kufanya.

Bundi mweupe naye ni mnyama halisi wa Aktiki na picha zake ni nzuri sana. Lakini katika nyumba nyingi za Kenya bundi ni ndege wa mkosi, na si vyema kumtia bibi wasiwasi katika kipindi alicholeta mjukuu wake afurahi. Anaweza kungoja watoto wakubwa.

Kuhusu woga

Afrika haina dubu wa porini siku hizi, hivyo wazazi wengi hawana picha yake kichwani. Walicho nacho ni chemosit, lile zimwi la hadithi za Wanandi na Wakipsigis linalotumiwa kumtisha mtoto aliyekataa kulala. Wageni wa enzi za ukoloni waliliandika kama «dubu wa Nandi», na jina hilo limewahi kusafiri hadi magazeti ya Ulaya. Dubu wa kipindi hiki asigeuzwe chemosit. Mkutubi aongee na walezi kabla ya kuanza na kuwaomba wasimwambie mtoto kwamba dubu atamchukua. Ukweli wa mnyama huyu usifichwe, maana anakula sili na ni mwindaji mkali. Ila kwa mtoto wa miaka miwili inatosha kusema anavua chakula chake barafuni, na maswali mengine yatakuja na umri.

Kwa upande mwingine, mazungumzo ya wanyama yana mizizi mirefu huku. Koo nyingi za Kipsigis zina wanyama wao, tiondo, na wazee wanaijua orodha vizuri. Mkutubi amwalike mzee mmoja aseme mnyama wa ukoo wake mbele ya watoto na kumwigiza sauti au mwendo. Atakuwa amewaonyesha kwamba wanyama wa mbali na wa karibu wanasimuliwa kwa pumzi ileile.

Barafu mezani

Siku moja kabla, sufuria ya maji yenye kisanamu cha mnyama ndani iwekwe kwenye friza ya duka au ya zahanati itakayokubali. Bonge hilo kubwa likitolewa na kuwekwa kwenye beseni, watoto waliguse, wapige kwa viganja, wamwagie maji ya uvuguvugu na kumwona mnyama akitokeza. Liwe bonge, si vipande vidogo. Kipande kidogo cha barafu humkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu, na kisanamu nacho kisiwe cha kutosha mdomoni. Taulo za kukaushia mikono ziwe karibu, na milango ifungwe kama ni Julai, kwa sababu mtoto aliyelowa katika baridi ya Kericho atarudi nyumbani akitetemeka.

Walezi nao wana jaribio lao. Dubu wa barafu ana tabaka la mafuta chini ya ngozi linaloweza kufikia unene wa sentimita 10, na ngozi yenyewe, chini ya yale manyoya yanayoonekana meupe, ni nyeusi. Glavu ya mpira ya kuoshea vyombo ijazwe mafuta ya kupikia yaliyoganda, glavu ya pili ivalishwe ndani yake, kisha mtu atie mkono humo na kuuzamisha kwenye maji ya barafu. Mkono mwingine ulio ndani ya glavu tupu utatoka haraka. Katika nchi nyingine jaribio hili hufanywa kwa mifuko ya plastiki, lakini Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017, na glavu zinafaa zaidi kwa vile zinaoshwa na kutumika tena.

Vitabu

Vitabu viwili vinatosha kwa kipindi kimoja. Viwe vya kurasa ngumu, picha kubwa, maneno machache. Kinachopatikana kwa urahisi ni Polar Bear, Polar Bear, What Do You Hear? cha Bill Martin Jr na Eric Carle, kilichotoka mwaka 1991. Dubu yumo, na walrasi wa Aktiki yumo, lakini wengine wengi ni wa kwetu: simba, kiboko, heroe, punda milia, ndovu, chui. Mkutubi asimulie picha zake kwa Kiswahili na kuwaachia watoto sauti.

Mahali pasipo na vitabu, mkutubi achore. Kenya imewahi kupeleka vitabu kwa njia ngumu kuliko hii: mwaka 1996 huduma ya taifa ya maktaba ilianza kuvipeleka kwa wafugaji wa Garissa juu ya migongo ya ngamia. Kutoka mji wa Kericho hadi Fort Ternan kuna barabara, na sanduku la vitabu linaenea kwenye buti la matatu.

Kipindi cha pili: mgeni aliye malishoni

Baada ya dubu, kipindi kinachofuata kiwe cha mnyama wa Aktiki ambaye mtoto anaweza kumwona kwa macho yake. Kuna ndege mdogo, Oenanthe oenanthe kwa jina la kisayansi, mwenye uzito wa gramu 25 hivi. Mwaka 2012 watafiti walichapisha matokeo ya kuwafuatilia ndege hawa kwa vifaa vyepesi walivyowafunga huko Alaska. Waliozaliana Alaska walivuka Asia na Uarabuni, safari ya kilomita 14,500 hivi kwa upande mmoja, wakaja kukaa Afrika Mashariki hadi majira ya baridi ya kwao yalipokwisha.

Huonekana Kenya kati ya Oktoba na Machi, kwenye malisho ya nyasi fupi. Husimama wima juu ya jiwe au kichuguu, hukimbia kidogo, husimama tena. Akiruka, sehemu nyeupe juu ya mkia humtambulisha papo hapo. Kipindi hicho kifanyike nje, asubuhi kabla ya mvua, pembeni mwa malisho yasiyo na fahali. Watoto wabebwe au watembee wenyewe, kila mmoja na mlezi wake. Mkutubi achukue picha kubwa ya ndege huyo na darubini moja ya kupokezana walezi, na tarehe ya matembezi hayo itangazwe palepale kipindi cha dubu kinapokwisha, kabla mtu hajafunga mtoto mgongoni.