SOMO LA KIKUNDI: Kupanga Kusoma Biblia Pamoja



Vikundi kadhaa vimetuuliza: tukitaka kusoma Biblia pamoja baada ya mkutano wa mchango, tuanzie wapi? Wengine walianzia Mwanzo sura ya 1 wakakwama kwenye Walawi. Wengine humwachia katekista kila kitu, naye akiugua siku hiyo, basi hakuna somo. Sisi tunasema hivi: anzieni pale panapowauma, kisha tafuteni maandiko yanayogusa pale pale.

Kuna kikundi cha akina mama tulichokitembelea kwa muda mrefu. Walikopeshana kutoka sanduku lao kwa riba ya shilingi kumi kwa kila mia, kila mwezi. Hebu pigeni hesabu: ukikopa 1,000, kwa mwaka riba peke yake ni 1,200. Mjane mmoja alikopa ili ampeleke mtoto hospitali. Alipochelewa kulipa, walichukua cherehani yake. Akaacha kuja mkutanoni, akaacha hata kuja jumuiya. Kila mtu alijua, hakuna aliyesema.

Tukachagua Nehemia sura ya 5. Watu wanajenga ukuta wa Yerusalemu, lakini njaa imewabana. Wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate nafaka. Wengine wamekopa walipe kodi ya mfalme, na watoto wao wanatiwa utumwani. Wanaowadai si wageni, ni ndugu zao.

Siku ile sisi tulikosea. Tulisoma, na papo hapo tukauliza, "Je, hapa kwetu ni nani anafanya hivyo?" Mweka hazina aliinuka akatoka, na nusu ya kikundi ikamfuata. Hatuwezi kumlaumu. Tulikuwa tumegeuza Biblia ikawa baraza la chifu, na yeye mshtakiwa. Ilichukua miezi miwili kabla hawajakubali kukaa nasi tena.

Mara ya pili tulipanga. Siku moja kabla, tulikaa na akina mama watatu wa kikundi, mweka hazina akiwa mmoja wao, tukasoma sura hiyo polepole. Tukaamua mistari 13 ya kwanza yatosha kwa jioni moja. Mmoja angesoma Biblia Habari Njema, mwingine Union Version, maana maneno yakitofautiana watu huanza kuulizana yana maana gani. Kwa wasiojua kusoma, nyanya mmoja angesimulia habari yote kwa lugha ya nyumbani. (Huyo ndiye aliyefundisha kuliko sisi sote.) Pia tulikubaliana hesabu za mchango zifungwe kwanza, ili asiyetaka somo, au aliye wa dini nyingine, aende zake bila kuona haya.

Kazi kubwa ilikuwa maswali. Wengi wenu mnajua njia ya hatua saba iliyotoka Taasisi ya Lumko, Afrika Kusini. Mle ndani, swali la "tufanye nini?" ni hatua ya sita. Kabla yake kuna kusoma, kurudia neno lililokugusa, kunyamaza, na kushirikishana bila kubishana. Sisi tuliruka kutoka kusoma hadi ya sita! Kwa hiyo sasa tuliuliza kwanza yaliyo ndani ya habari yenyewe: wale watu walilia kwa sababu gani? Katika mstari wa 7, Nehemia alifanya nini kabla ya kuwakemea wakubwa? Alitafakari moyoni. Na mstari wa 10 anakiri nini? Kwamba yeye na ndugu zake pia wanakopesha.

Hapo palinyamaza kabisa. Kisha mwenyekiti akasema, "Hata mimi nimekula hiyo riba." Hatukumwuliza sisi.

Mtu akasoma tena mstari wa 11, unaotaja sehemu ya mia. Wataalamu wengi huielewa kuwa riba ya mwezi, yaani moja kwa mia. Wakajiona wao wanatoza mara kumi ya ile iliyomkasirisha Nehemia. Mabishano yakaja, na yalifaa yaje, kwa sababu mweka hazina aliuliza swali la kweli: bila riba, sanduku litakua vipi, na wanaokataa kulipa tutawafanya nini? Siku hiyo hawakumaliza. Mwezi uliofuata walishusha riba hadi mbili kwa mia, na kuanzia sasa mali ya kazi ya mtu haichukuliwi.

Waliyaandika hayo katika kitabu cha kumbukumbu, wote wakatia sahihi au kidole gumba. Nehemia naye aliwaapisha watu mbele ya makuhani, mstari wa 12.

Cherehani ilirudishwa. Mjane amerudi katika jumuiya. Kwenye mkopo bado hajarudi.