DARSA YA RAMADHANI, SIKU YA 19: Tambi za Mtini na Ulimi wa Aliyefunga



Ndugu zangu, mama zetu na vijana wetu, tunamshukuru Allah aliyetufikisha siku hii tukiwa wazima. Tunamuomba azipokee funga zetu. Amin.

Jana tulizungumzia kusengenya. Leo tubaki hapo hapo kwenye ulimi, ila tuangalie jambo ambalo wengi wetu hatulihesabu kabisa: uongo wa mzaha. Ule wa "nilikuwa natania tu bwana".

*Kisa cha kwanza: mti wa tambi*

Tarehe 1 Aprili 1957, televisheni ya BBC ya Uingereza ilionyesha taarifa fupi ya kama dakika tatu katika kipindi chake cha Panorama. Taarifa ilihusu mavuno ya tambi huko Ticino, kusini mwa Uswisi. Akina mama walionekana wakichuma tambi ndefu kwenye miti, wakizitia vikapuni, kisha wakizianika juani. Mtangazaji akaeleza kwa utulivu kwamba mwaka ule mavuno ni mazuri kwa sababu baridi haikuwa kali, na mdudu anayeshambulia tambi karibu ametoweka. Akaeleza hata kwa nini tambi zote zinalingana urefu: eti ni kazi ya miaka mingi ya wataalamu wa mbegu!

Wewe unacheka, maana unajua tambi ni unga wa ngano. Umezipika kwa nazi na sukari kwenye futari hivi juzi. Lakini Uingereza ya wakati ule tambi hazikuwa chakula cha kila nyumba. Wengi walizijua za kopo tu. Basi watu mamia wakapiga simu BBC. Wengine waliuliza kama ni kweli, wengine walitaka kujua wapate wapi mche wa kupanda nyumbani.

Hebu tujiulize, kwa nini waliamini? Si kwamba walikuwa wajinga. Waliamini kwa sababu ya sauti. Msimulizi alikuwa Richard Dimbleby, mtangazaji aliyeheshimika sana, yule yule aliyewatangazia kutawazwa kwa Malkia mwaka 1953. Yaani mzaha ule ulifanya kazi kwa kutumia amana. Watu walimpa imani yao kwa miaka, na siku ile imani hiyo ikatumika kuwachekea.

*Kisa cha pili: moto wa Quito*

Utasema, "Ustadhi, hilo lina ubaya gani? Hakuna aliyeumia." Haya, sikiliza la pili.

Februari 1949, mjini Quito, nchini Ecuador, redio ilikatiza muziki na kutangaza kwamba viumbe kutoka sayari ya Mars wameshuka na wanauelekea mji. Ilikuwa ni mchezo wa redio, uliotokana na riwaya ya mwandishi Mwingereza, H. G. Wells. Wasikilizaji hawakuambiwa. Waigizaji waliigiza hata sauti za viongozi. Watu wakatoka mbio barabarani usiku, wengine wakakimbilia makanisani.

Ilipotangazwa kwamba ni mchezo tu, hofu ikageuka hasira. Umati ukalishambulia kwa mawe na kulichoma moto jengo la gazeti la El Comercio, ambamo redio ile ilikuwemo. Watu kadhaa walikufa. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Ukitazama, njia ni ile ile ya tambi: sauti inayoaminika, na maelezo yanayofanana na ukweli. Kilichotofautiana ni matokeo tu, na matokeo hayamo mikononi mwa mtaniaji. Ukishaurusha uongo, wewe si mwenye kuuamuru tena uishie wapi.

*Dini yetu inasemaje?*

Tuelewane hapa. Uislamu haukukataza kucheka. Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akitania na maswahaba zake, na walipoliulizia jambo hilo aliwajibu kwamba hasemi ila kweli. Mtu mmoja alimwomba mnyama wa kupanda, akamwambia atampandisha juu ya mtoto wa ngamia. Yule bwana akashangaa, mtoto wa ngamia atamfaa nini? Mtume akamfahamisha kwamba kila ngamia, hata awe mkubwa vipi, si amezaliwa na ngamia? (Ameipokea Abu Daud na Tirmidhi.)

Utani ule ulikuwa kweli tupu tangu mwanzo. Yule bwana alishangaa kidogo tu. Hakupoteza kitu, na wala imani yake kwa Mtume haikupungua.

Kwa upande wa pili, Mtume ametoa onyo kali kwa anayesema uongo ili watu wacheke, na onyo lile akalirudia. Na akaahidi nyumba katikati ya Pepo kwa anayeacha uongo hata akiwa katika mzaha.

Wengine hujitetea, "lakini sikusema uongo, nimeficha tu." Maswahaba walikuwa safarini, mmoja wao akalala. Mwenzake akaiendea kamba yake akaichukua, yule akashtuka. Mtume akabainisha kwamba si halali kwa Mwislamu kumtisha Mwislamu mwenzake. Kamba tu! Vijana wetu mnaoficha ndala za watu nje ya msikiti baada ya tarawehe, mmesikia? Mzee anabaki anapapasa gizani, nyinyi mko pembeni mnarekodi na simu.

Na kuna wanaompigia mama simu, "fulani amepata ajali," halafu wanacheka akianza kulia. Yule mama ana presha. Akianguka, utamwambia Allah ulikuwa unatania?

*Na wewe unayepokea?*

Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, Allah anatuamrisha tuhakikishe habari inapoletwa na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Wengi tunasema, "mimi hii kanitumia shangazi, na shangazi si mwongo." Ni kweli, shangazi ni mkweli. Lakini habari si ya shangazi. Yeye kaipata kwenye kundi la harusi, na kundi nalo limeipata sehemu nyingine. Ukweli wa shangazi hauwezi kumtakasa mtu wa kwanza ambaye hata jina lake hulijui. Ndiyo maana Mtume akatufundisha kwamba yatosha mtu kuhesabiwa mwongo kwa kusimulia kila anachokisikia.

Hili tulishike hasa siku hizi zinazokuja. Mwisho wa mwezi hazikosi jumbe za "mwezi umeonekana", nyingine zimetungwa na mtu anayejifurahisha tu. Mtu anafungua au anaacha kunuia kwa sababu ya mzaha wa asiyemjua. Habari ya mwezi tuisubiri kwa wenye dhamana nayo. Na zile za "tuma kwa watu 10 upate habari njema", zilizobandikwa hadithi isiyo na mpokezi, mwisho wake uwe kwenye simu yako.

*Tuondoke na haya matatu*

1. Kabla ya kutania, jiulize: nikiondoa uongo, je, kichekesho kinabaki? Kikibaki, tania. Kisipobaki, nyamaza.
2. Jiulize: ninayemtania atacheka pamoja nami, au nitacheka peke yangu?
3. Kabla ya kutuma, tafuta aliyesema mwanzo. Usipompata, usitume.

Mtume ametufahamisha kwamba asiyeacha maneno ya uongo na kuyatenda, Allah hana haja na yeye kuacha chakula chake na kinywaji chake (Bukhari). Tumeamka daku, tumevumilia kiu ya jua la saa tisa. Itakuwa hasara iliyoje kuyapoteza yote kwa kichekesho cha dakika tatu.

*Kazi ya leo:* fungua simu yako kabla ya magharibi. Ukikuta ulituma habari ya uongo, hata ya mzaha, rudi kwa wale wale uliowatumia uwaambie haikuwa kweli. Ni maneno mawili tu, na leo hii yana ujira wake.

Allah azilinde ndimi zetu na vidole vyetu, atupe furaha isiyomuumiza mtu, na atufikishe kwenye kumi la mwisho tukiwa na afya. Amin.

Kesho inshaAllah: maandalizi ya itikafu. Wabillahi tawfiq.