Ubuntu Imegoma Kufika Eneokazi: Usikimbilie Kupiga Windows

Nilikuwa Nshamba, wilayani Muleba, kwa mazoezi ya kufundisha. Jumatatu usiku, saa nne hivi, niliamua kupandisha toleo la Ubuntu kwenye laptopu yangu, kutoka 22.04 kwenda 24.04. Bando lilikuwepo na umeme ulikuwepo. Mafaili yote yalishuka salama. Yalipoanza kufungwa kwenye mfumo, mvua ikapiga, umeme ukakatika. Betri yangu ni ile ya kushikilia dakika kumi tu. Zikaisha, mashine ikazima.

Asubuhi niliwasha. Nembo ikaja, ikapotea. Kikabaki kioo cheusi na kistari kimoja kinachowaka na kuzima juu kushoto.

Ndani ya mashine hiyo kulikuwa na alama za majaribio za mikondo miwili ya kidato cha pili, maazimio ya kazi na maandalio ya masomo ya wiki nzima. Alhamisi mhadhiri wa kututathmini alikuwa anafika. Nakala nyingine? Sikuwa nayo. Najua, usinicheke.

Fundi niliyempelekea pale sokoni aliitazama kwa sekunde kumi. "Dogo, hii imekufa. Nikupigie Windows, elfu kumi na tano, njoo jioni."

"Na mafaili yangu?"

"Tutaona yatakayopona."

Nikairudisha kwenye begi. Sikumdharau, maana mashine nyingi anazoletewa hupona kwa njia hiyo. Ila mimi nasomea ualimu, na ualimu una kanuni moja: humpi mwanafunzi sifuri kabla hujasoma karatasi yake. Kioo cheusi ni karatasi ambayo haijasomwa. Somo la leo ni namna ya kuisoma.

Nyumba ya ghorofa tano

Linux haiwaki kwa mkupuo mmoja. Inapanda kama mtu anayepanda ghorofa.

Ghorofa ya kwanza ni GRUB, menyu fupi inayouliza mfumo upi uwashwe. Ya pili ni kerneli, kiini kinachoongea na vifaa: diski, kibodi, kioo. Ya tatu ni systemd, inayoamsha huduma moja baada ya nyingine. Ya nne ni mlango wa kuingilia, pale unapochagua jina lako na kuandika nywila. Kwenye Ubuntu ya kawaida mlango huo unaitwa GDM. Ya tano ndiyo eneokazi lenyewe, yaani ile desktopu yenye picha na aikoni, ambayo kwenye Ubuntu hutengenezwa na GNOME.

Mafaili yako hayakai ghorofa ya tano. Yako kwenye diski, ndani ya folda ya /home. Eneokazi likianguka, mafaili kwa kawaida yako pale pale yalipokuwa. Sentensi hiyo ningeijua asubuhi ile, ningekunywa chai yangu kwa amani.

Kwa hiyo usiulize "imekufa au haijafa?" Uliza imekwama ghorofa ya ngapi.

Ukiona neno grub> tu na hakuna menyu, umekwama ya kwanza. Ukiona maandishi mengi yanayoishia na "kernel panic", ni ya pili. Ukiandika nywila, ikakubali, kisha ikakurudisha pale pale kuandika tena, ni ya tano. Mara nyingi diski imejaa, au mafaili ya nyumbani kwako yamebadilishwa mmiliki. Na ukiona kioo cheusi chenye kistari kama mimi, endelea kusoma.

Hatua ya kwanza: gonga mlango wa uani

Bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Kama ghorofa tatu za chini ni nzima, utapata kioo cha maandishi kinachokuuliza jina na nywila. Tahadhari: ukiandika nywila hakuna kitu kitakachoonekana, hata nyota. Mimi nilidhani kibodi nayo imekufa. Haijafa. Andika tu, bonyeza Enter.

Isipojibu, zima na uwashe upya huku ukibonyeza Esc, au ukishikilia Shift kwenye mashine za zamani, hadi menyu ya GRUB itokee. Ingia kwenye "Advanced options for Ubuntu" uchague kerneli yenye namba ndogo zaidi, yaani ile ya zamani. Upandishaji wa toleo kwa kawaida huiacha ya zamani ibaki, na sababu ni siku kama hizi.

Yangu ilijibu kwa kerneli ya zamani, kisha F3 ikafungua. Nilipoandika ls nikaona folda zangu zote. Alama za watoto zilikuwepo.

Hatua ya pili: okoa kwanza, tengeneza baadaye

Kabla hujagusa chochote, nakili kazi yako. Chomeka flashi, kisha andika:

lsblk

Utaona orodha ya diski. Itambue flashi kwa ukubwa wake. Yangu ilikuwa sdb1, ya kwako inaweza kuwa na jina lingine, hivyo usinakili kibubusa.

sudo mount /dev/sdb1 /mnt
sudo cp -r ~/Documents /mnt/
sudo umount /mnt

Amri ya tatu usiiruke. Ndiyo inayohakikisha kila kitu kimeandikwa kwenye flashi kabla hujaichomoa. Baada ya hapo, hata ukiharibu, unaharibu mashine tu, huharibu kazi.

Hatua ya tatu: uliza, usikisie

Swali la kwanza ni nafasi kwenye diski:

df -h

Tazama mstari unaoishia na alama ya / peke yake. Ukisoma asilimia 100, umeshampata mwizi: eneokazi hushindwa kuwaka likikosa hata pa kuandika faili dogo. Hamishia tamthilia zako kwenye flashi. Yangu ilisoma 93. Imebana, lakini haijajaa. Mwizi huyo nikamfuta kwenye orodha.

Hapa karibu nifanye kosa. Wengi hushauri kuandika sudo apt clean ili kupata nafasi. Amri hiyo ni nzuri siku za kawaida, lakini inafuta mafaili yote ya usakinishaji yaliyokwisha kushuka. Kama upandishaji wako ulikatikia njiani, unafuta bando lako mwenyewe na utashusha upya. Na bumu lilikuwa halijatoka.

Swali la pili ni kuhusu mlango wa kuingilia:

systemctl status gdm3

Jibu lilikuwa huduma imeshindwa kuwaka. Kwa hiyo nimekwama ghorofa ya nne. Makosa mengine ya uwashaji huu unayapata kwa:

journalctl -b -p err

Itamwaga mistari mingi mekundu. Usitishike, hata mashine nzima huwa na michache. Tafuta yenye jina la kitu unachokichunguza.

Swali la tatu ni kama upandishaji uliisha. Nikajaribu amri ndogo tu ya kusakinisha kitu. Mashine ikakataa, ikasema kazi yake ilikatizwa, na ikaniandikia neno kwa neno amri ya kuandika ili kurekebisha. Nilikaa kimya kidogo. Muda wote ule dawa ilikuwa mdomoni mwa mgonjwa.

Ujumbe huo ulikuwa kwa Kiingereza, na ndiyo maana wengi wetu tunaufunga bila kuusoma. Juhudi za kuziongelesha programu hizi Kiswahili zilishaanza kwetu: mradi wa Kilinux, ambao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki, ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Lakini kioo cheusi bado kinaongea Kiingereza. Soma polepole. Ukishindwa, piga picha kwa simu umwoneshe mwenzio.

Hatua ya nne: malizia kilichoachwa nusu

sudo dpkg --configure -a
sudo apt --fix-broken install
sudo apt full-upgrade

Ya kwanza inakamilisha vilivyofunguliwa bila kupangwa. Ya pili inatafuta vinavyokosekana. Ya tatu inamalizia vilivyobaki. Kabla ya kukubali, soma orodha ya vitu itakavyoondoa. Ukiona ubuntu-desktop humo, sema hapana kwanza. Kama intaneti inahitajika, unganisha simu kwa waya na uwashe kushiriki intaneti. Mara nyingi mashine huipokea yenyewe.

Safari hii nilichomeka chaja shuleni, mchana, umeme ukiwa umetulia. Ilichukua kama saa nzima. Nikaandika sudo reboot. Nembo ikaja, ikapotea, kioo kikawa cheusi, moyo nao. Kisha jina langu likatokea.

Kama yako bado ni nyeusi

Wenye kadi ya picha ya NVIDIA, mshukiwa ni draiva yake, ambayo huweza kugombana na kerneli mpya. Kwenye menyu ya GRUB bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na neno linux, ongeza nomodeset mwishoni, bonyeza F10. Hiyo ni ya kuingilia mara moja tu. Ukishaingia, andika sudo ubuntu-drivers install ili upate draiva inayofaa.

Nilichojifunza

Ubuntu 22.04 ina miaka mitano ya matunzo ya kawaida, mpaka 2027. Hakuna aliyenifukuza. Kupandisha toleo katikati ya mazoezi, usiku, kwa betri mbovu na bila nakala, ni uamuzi wangu, na kitu kilichoharibika kwanza kilikuwa akili yangu.

Alhamisi niliingia darasani na andalio la somo mkononi. Jioni nilipita kwa yule fundi kumwonesha mashine inawaka. Akaitazama muda mrefu kuliko mara ya kwanza, akasema, "Niandikie hizo amri." Nilimchania karatasi ya daftari, nikamwandikia.

Zoezi

Usiku huu, mashine yako ikiwa nzima, hifadhi kazi zako, kisha bonyeza Ctrl, Alt na F3. Ingia. Andika df -h, usome asilimia. Andika exit, kisha rudi kwa Ctrl, Alt na F2. Isipokubali, jaribu F1. Zoea mlango wa uani wakati wa mbele bado unafunguka.