Mafunzo Niliyopata Nikiandika Historia ya Babu

Babu alipofariki nyumbani kwake Ruiri, kamati ya mazishi iligawa kazi jioni hiyo hiyo. Huyu hema na viti, yule mchango wa M-Pesa, mwingine fahali. Mimi nikaangukiwa na historia ya marehemu, ati mimi ndiye mwenye kalamu. Ukurasa mmoja na nusu, nikaagizwa, usizidi, maana picha ni nyingi.

1. Anza na rika, si kitambulisho.

Kitambulisho cha babu kina mwaka wa kuzaliwa tu, bila siku wala mwezi. Aliuandika karani wa usajili baada ya kumtazama uso na kukisia. Wazee wengi wa Meru wana miaka ya namna hiyo. Aliyenisaidia ni mzee waliyetahiriwa naye. Akasema walikuwa wameshapona na kuitwa wanaume kabla ya Hali ya Hatari kutangazwa Oktoba 1952. Nikaandika hivyo hivyo. Kwa wazee waliojaa uwanjani siku ya mazishi, hayo yalikuwa na maana kuliko tarehe.

2. Kila mtoto ana baba yake.

Baba yangu, kifungua mimba, alinieleza habari za mtu mkali aliyekula peke yake na kuzungumza kwa amri. Baba mdogo, kitinda mimba, alinisimulia habari za mtu aliyembeba begani hadi zahanati. Sisi wajukuu tulimjua wa tatu: aliyetumenyea viazi vitamu na kuturuhusu tumtanie mbele ya wageni, jambo ambalo baba hajalizoea hadi leo. Nilishawishika kuwachanganya hao watatu nipate mzee mmoja mpole. Bibi akakataa. Alitaka ukali wake uandikwe, kwa sababu yeye ndiye aliyeishi nao.

3. Tafuta risiti.

Ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia, chini ya kitanda, tulikuta risiti za karo za watoto wote, wasichana kwa wavulana, zimefungwa kwa uzi. Nyingi ni za Januari na Februari. Nilimuuliza bibi kwa nini, akanicheka. Ruiri iko upande mkavu wa Meru, barabara inapoteremka kuelekea Isiolo, na mvua ya kutegemewa ni ile ya Oktoba. Maharagwe yakipandwa mvua hiyo ikianza huwa tayari Januari, shule zinapofunguliwa. Mahindi bado yako shambani. Kwa hiyo babu alipanda maharagwe zaidi ya majirani zake, miaka nenda miaka rudi, na watu wakamdhania hajui kilimo. Yasipotosha, mtamba mmoja alipelekwa sokoni. Elimu ya msingi ilipofanywa ya bure mwaka 2003, watoto wake walikuwa wameshamaliza. Hakuacha kupanda maharagwe: sekondari ilikuwa bado inadai karo, na wajukuu walikuwa njiani.

4. Uliza shamba lilivyogawanywa.

Hapa ndipo nilipoandika mengi, na ndipo kamati iliponiomba nipunguze. Babu aligawa ardhi yake akiwa hai. Shangazi yangu mmoja alikuwa amerudi nyumbani na watoto baada ya ndoa kuvunjika, na wapo waliosema msichana hana shamba kwa baba yake. Sheria ya Urithi, inayotumika Kenya tangu 1981, haitofautishi mtoto wa kiume na wa kike, na Mahakama ya Rufaa ilisisitiza usawa huo mwaka 2005 katika kesi ya Rono. Lakini kesi ni za watu wenye nauli na wakili, na shangazi hakuwa na vyote viwili. Babu alimleta mpimaji, bikoni zikachimbiwa watoto wote wakitazama, kisha akaenda na bibi mbele ya bodi ya ardhi kuomba idhini. Kipande cha shangazi kikawa kile kinachopakana na boma, penye bomba la maji. Kaka zake wawili hawakumsemesha babu kwa muda mrefu. Aliendelea kuwasalimu.

Nadhani wanaume wengi wanaosifiwa makaburini kwa kupenda familia huiachia familia hiyo kesi. Hilo sikuliandika kwenye historia, naliandika hapa.

5. Sifa isiyo na kisa, ifute.

“Mcha Mungu, mwenye bidii, mpenda watu.” Programu zote za mazishi nilizowahi kushika zina maneno hayo. Badala yake niliandika kwamba pesa za wazee za Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi, zilipofika alinunua kwanza sukari ya bibi, kisha akabaki na sarafu za wajukuu mfukoni, na kwamba alikuwa akimpunja mjukuu aliyebeba jina lake ili wengine wasinung'unike.

6. Jiandae kukatwa.

Wanasiasa walichukua saa nzima, na mfawidhi akanipa dakika tano. Nilichagua sehemu ya shamba nikaisoma kwa Kimeru, polepole, shangazi akiwa mstari wa mbele na kaka zake nyuma yake. Vyeo vya babu, mweka hazina wa mradi wa maji na mzee wa kanisa, vimo kwenye programu, ukurasa wa tatu.