SOMO LETU: Kilomita 21 Hazianzi kwa Mbio



Mwaka jana kikundi chetu kilichagua watu wanne waingie mbio za nusu marathoni, yaani kilomita 21, ili marafiki watuchangie pesa za tangi la maji. Tulijiambia: sisi ni wakulima, tunalima na kuteka maji kila siku, mazoezi gani tena? Basi wanne hao wakaanza kukimbia kila jioni, tena kwa kasi. Wiki ya tatu mweka hazina wetu akaumia goti. Mvua ikaja, hakuweza kupanda mahindi yake, ilibidi tumpandie. Ndipo tukakaa chini na kujiuliza: tulikosea wapi?

Kila zoezi lina kazi yake

Kulima hutia nguvu mikono na mgongo, lakini hakuzoeshi miguu kukimbia.

Kutembea haraka husaidia moyo bila kuumiza viungo. Huu ndio mlango wa kuingilia.

Baiskeli hufanyisha moyo na mapafu kazi, na magoti hayagongwi. Yafaa siku ambayo hukimbii.

Kukimbia huongeza pumzi upesi. Lakini kila mguu unapotua, hubeba uzito wa mwili mara mbili au zaidi. Pumzi huzoea mapema. Mifupa na viungo huchelewa. Hapo ndipo tulipokosea: tulisikiliza pumzi, tukasahau magoti.

Jinsi ya kujitayarisha

Tengeni miezi minne hivi.

1. Mwenye presha, sukari au ugonjwa wa moyo apimwe kwanza zahanati.

2. Mwezi wa kwanza, tembea haraka dakika 30, siku tano kwa wiki. Kisha changanya: kimbia kidogo, tembea kidogo.

3. Baadaye kimbia siku tatu kwa wiki, zisifuatane. Kasi iwe ile ya kuweza kuongea na mwenzako. Hata mabingwa wetu wa Iten na Kaptagat wana siku zao za kwenda pole pole.

4. Siku moja kati ya hizo iwe ya safari ndefu. Anza na kilomita 5, uongeze moja au mbili kila wiki. Kila wiki ya nne punguza, mwili upumzike. Ukifikisha 16 au 18, inatosha.

5. Wiki ya mwisho kimbia kidogo tu.

Ukisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, simama, utafute daktari. Goti likiuma, usilishindanie.

Na wasiotaka mashindano je? Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kutembea haraka kunatosha, na jembe pia linahesabiwa.

Wenzetu watatu walimaliza mbio, mmoja wao akitembea kilomita za mwisho. Pesa zilifika nusu ya bei ya tangi. Mweka hazina sasa ameanza upya, kwa kutembea. Mwaka huu tutakwenda naye.

Maswali ya kujadiliana

1. Kazi zetu za kila siku hutumia viungo gani, na huacha vipi?
2. Ni nani kati yetu hajapimwa presha mwaka huu?
3. Mwenzetu akiumia, nani atamsaidia shambani?