Singe, Shabaha na Makali: Sajili Inayowaunganisha Askari Wastaafu, Walenga Shabaha na Wakusanyaji wa Visu

Utangulizi

Wanafunzi wa isimujamii wamezoea kuchunguza sajili ya hospitali, ya mahakama, ya soko na ya matatu. Hizi ni sajili za watu wanaokutana mahali pamoja kwa shughuli moja. Zipo pia sajili za watu wasiofanya kazi pamoja wala kuishi mtaa mmoja, ila wameunganishwa na mapenzi ya aina moja ya vitu. Makala haya yanachunguza kundi la namna hiyo: askari waliostaafu, walenga shabaha wa michezo, na wakusanyaji wa visu vinavyofuliwa na fundi mmoja kwa mkono. Kundi hili limestawi sana nchini Marekani, na mifano yetu ya kihistoria inatoka huko. Msamiati wa kulieleza, hata hivyo, tutautafuta katika Kiswahili. Hoja yetu ni kwamba kinachowaunganisha watu hawa zaidi si kupenda vita, bali ni desturi ya kukipima chombo kabla ya kukiamini. Aidha, tunashikilia kwamba Kiswahili kina maneno ya kuyaeleza haya, ila mengi yamo vinywani mwa wazee na mafundi kuliko madarasani.

Chimbuko la udugu huu

Uhusiano kati ya askari mstaafu na mlenga shabaha ni wa tangu zamani. Chama cha kitaifa cha bunduki cha Marekani, NRA, kiliasisiwa mwaka 1871 na William Church na George Wingate. Wawili hawa walikuwa wamepigana upande wa Muungano katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, na walisikitishwa na udhaifu wa shabaha ya askari wao. Kwa hivyo, kile ambacho baadaye kilikuja kujulikana kwa siasa kali kilianza kama darasa la kulenga.

Kisu nacho kina historia yake. Mwaka 1937 Bo Randall, mkulima wa machungwa katika jimbo la Florida, alivutiwa na kisu kilichofuliwa na William Scagel wa Michigan, akajaribu kutengeneza chake. Vita Vikuu vya Pili vilipozuka, wanajeshi walianza kumwagizia visu kwa barua. Vita vilipokwisha, visu hivyo vilirudi nyumbani na wenyewe, vikatumika mawindoni, na hatimaye vikawa vitu vya kutunzwa. Mwaka 1954 baharia mmoja, Bob Loveless, alikwenda dukani New York kununua kisu cha Randall, akaambiwa angoje miezi mingi. Badala ya kungoja, alijifulia chake, akaishia kuwa mmoja wa mafundi mashuhuri zaidi wa karne yake. Mwaka 1970 alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha wafua visu cha Marekani. Tukifuatilia safari hii tunaona kwamba askari, mwindaji na mkusanyaji mara nyingi walikuwa mtu yule yule katika vipindi tofauti vya maisha yake.

Kupima kabla ya kuamini

Mwaka 1976 Bill Moran na wenzake waliunda chama kingine, cha wahunzi wanaofua visu kwa moto na nyundo. Fundi anayetaka kupanda daraja katika chama hiki hupewa mtihani wa vitendo. Kisu chake sharti kikate kwa pigo moja kamba nene inayoning'inia bila kushikwa upande wa chini. Kisha kikate ubao mara mbili. Kisha, bila kunolewa tena, kiweze kunyoa nywele. Mwisho hubanwa na kupindwa hadi nyuzi 90, na hakiruhusiwi kuvunjika.

Mlenga shabaha ana mtihani unaofanana na huu. Hupiga risasi chache, hutazama zilipotua, hurekebisha kifaa cha kulengea, kisha hupiga tena. Askari naye hufundishwa kuifungua bunduki, kuisafisha na kuiunganisha upya hata gizani. Wote watatu wanaulizana swali moja: chombo hiki kitanitupa siku nitakapokihitaji? Anayelijua swali hili kwa uzoefu humtambua mwenzake upesi. Ndiyo maana askari aliyenyamaza miaka mingi nyumbani anaweza kuzungumza kwa saa nzima juu ya mpini, kwa kuwa kupitia mpini anaweza kuyagusa mengine bila kuyataja.

Hazina ya msamiati

Kiswahili kimekigawanya kisu kwa makini. Kuna ncha, makali na bapa. Kuna mpini, na ndani yake msuka, yaani ule mwiba wa chuma unaopenya mpinini. Kuna noleo, pete inayoukaza mpini usipasuke. Kuna ala ya kuhifadhia, kinoo cha kunolea, na feleji, chuma bora cha kufulia panga. Kwa upande wa bunduki tuna mtutu, kitako, baruti na risasi, neno ambalo pia ni jina la madini yenyewe. Neno linalotuvutia zaidi ni singe, kisu kinachofungwa kwenye mdomo wa bunduki. Askari ameibeba, bunduki ya mlenga shabaha huenda iliundwa kuipokea, na mkusanyaji anaitafuta. Makundi yote matatu yanakutana katika neno hili moja.

Pamoja na utajiri huo, zipo changamoto za istilahi. Kwanza, tumwite nani aliyerudi kutoka vitani? Istilahi "mkongwe wa vita" inapendekeza uzee, ilhali kijana wa miaka 24 anaweza kuwa ameshapigana na kuacha jeshi. "Askari mstaafu" inataja mwisho wa ajira tu, haisemi aliyoyaona. Pili, "mlenga shabaha" lazima atofautishwe na "mdunguaji". Wa kwanza hulenga karatasi, wa pili hulenga mtu. Tatu, kisu kilichotengenezwa kwa matakwa ya mteja tukikiita "kisu cha kuagiza" tutaeleweka kumaanisha kilichotoka ng'ambo. Sisi tunapendekeza "kisu cha mfuaji", kwa kuwa thamani yake inatokana na kujulikana kwa mkono uliokifua.

Ni vyema kukumbuka pia kwamba Kiswahili nacho kimetoa. Maneno "panga" na "sime" yameingia katika Kiingereza, na wakusanyaji wa ng'ambo huyatumia. Hapa kwetu "panga" hutaja zana ya shamba, lakini tangu ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007 linatisha pia. Mtafiti wa sajili hana budi kuzitambua maana zote mbili.

Sajili inayotoweka

Jeshi la KAR lililoundwa mwaka 1902 lilikuwa mojawapo ya mashule makubwa ya Kiswahili nje ya pwani. Jeshi la Wajerumani upande wa Tanganyika liliajiri askari wa Kisudani kutoka Misri mwaka 1889, na vyeo vya Kituruki kama "ombasha" na "shaushi" vikasikika huku. "Afande" lingali hai hadi leo. Mengine yalibaki kwa wazee waliopigana Bama mwaka 1944, na wazee hao sasa ni wachache mno. Mhunzi wa kijijini anayefua sime kwa springi kuukuu ya gari naye ana maneno yake, na huenda mwanawe hataki kuirithi kazi.

Hitimisho

Tumeona kwamba askari mstaafu, mlenga shabaha na mkusanyaji wa visu huzungumza sajili moja inayojengwa juu ya kupima na kuamini. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Mafundi tuliowataja wangeuliza kwanza ukali huo umepimwa vipi. Tunapendekeza kwamba kila mwanachama anapokwenda likizo amtafute mzee aliyewahi kuwa jeshini au mhunzi mmoja, amwombe ataje sehemu za chombo chake moja baada ya nyingine, na aandike kila jina pamoja na lahaja ya msemaji. Kamusi zetu zitanufaika. Naye mzee atapata mtu wa kumsikiliza, jambo ambalo pengine amelingoja kwa muda mrefu kuliko sisi tulivyoingoja orodha hiyo.