Mawe ya Nyongo: Maumivu Yakibadilika, Usingoje Kukuche

Mtu akiamka usiku ameshika tumbo, wengi nyumbani husema ni vidonda vya tumbo. Dawa ya kupunguza asidi hununuliwa dukani, maumivu hupoa na kazi huendelea. Mara nyingine huwa ni vidonda kweli. Mara nyingine chanzo ni mawe kwenye kifuko cha nyongo, na kwa wagonjwa wachache mawe hayo huleta madhara adimu yanayoweza kuua yasipotambuliwa mapema.

Mawe hutokeaje?

Kifuko cha nyongo kiko chini ya ini, upande wa kulia. Huhifadhi nyongo, maji ya kijani-manjano yanayosaidia kusaga mafuta ya chakula. Nyongo ikizidi kolesteroli, huganda polepole na kuwa mawe. Wanawake, hasa waliowahi kupata mimba, watu wanene na wenye umri mkubwa hupatwa zaidi. Watoto na vijana wenye ugonjwa wa selimundu pia wamo hatarini, kwa sababu chembe zao nyekundu za damu huvunjika haraka na mabaki yake hugeuka mawe.

Watu wengi wenye mawe hawahisi lolote. Wanaougua hupata maumivu makali juu ya tumbo, katikati au upande wa kulia, mara nyingi baada ya chakula chenye mafuta. Maumivu hudumu kuanzia nusu saa hadi saa kadhaa, na yanaweza kufika mgongoni au kwenye bega la kulia, kisha huisha. Picha ya altrasaundi huonyesha mawe hayo vizuri, na haina maumivu.

Madhara matatu yasiyo ya kawaida

La kwanza ni jiwe kuziba utumbo. Kifuko kikivimba mara kwa mara kwa miaka, hushikana na utumbo ulio karibu nacho. Jiwe kubwa, aghalabu la zaidi ya sentimita 2.5, hutoboa njia na kuingia utumboni. Husafiri hadi mahali pembamba, mara nyingi mwisho wa utumbo mdogo, na kukwama hapo. Wanaopatwa zaidi ni wazee, hasa akina mama. Mgonjwa hutapika, tumbo huvimba, na hapati choo wala hewa. Dalili zinaweza kupungua kisha kurudi, kwa kuwa jiwe husogea na kukwama tena. Hapo ndipo familia hudhani mgonjwa anapona.

Mwaka 1941 daktari Mmarekani Leo Rigler alieleza mambo matatu ya kutafuta kwenye picha ya eksirei: utumbo uliojaa hewa kwa kuziba, hewa ndani ya mifereji ya nyongo, na jiwe lililo mahali pasipo pake. Siku hizi skani ya CT huyaonyesha vizuri zaidi. Mgonjwa huwekewa dripu na mpira wa kupitia puani ili kupunguza yaliyojaa tumboni, kisha daktari wa upasuaji hupasua utumbo na kutoa jiwe. Mgonjwa akiwa dhaifu, kifuko chenyewe kinaweza kuachwa kishughulikiwe baadaye.

La pili hujulikana kama ugonjwa wa Mirizzi, kwa jina la daktari wa upasuaji wa Argentina, Pablo Mirizzi. Jiwe hukwama kwenye shingo ya kifuko na kubana mfereji mkuu unaotoa nyongo kwenye ini. Macho na ngozi hugeuka manjano, mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi, na mwili huwasha. Kwenye picha, hali hii inaweza kufanana na saratani, kwa hivyo huhitaji vipimo zaidi, kama vile MRI ya mifereji ya nyongo, kabla ya uamuzi. Upasuaji wake ni mgumu, kwani mfereji huo huweza kujeruhiwa, na unafaa kufanywa na daktari mwenye uzoefu.

La tatu huwapata hasa wenye kisukari. Bakteria wanaotoa gesi hushambulia kifuko hadi nyama yake ianze kuoza. Hatari ni kwamba maumivu yanaweza kuwa madogo kuliko ugonjwa wenyewe. Mwenye kisukari aliye na homa na maumivu upande wa kulia anahitaji kuonwa siku hiyo hiyo. Matibabu ni dawa za kuua bakteria kupitia mshipa, na kuondoa kifuko au kukitoa usaha haraka.

Dalili za kukimbilia hospitali

Wakazi wanahimizwa kwenda hospitalini mara moja, hata usiku, iwapo kuna:

- maumivu yasiyoisha baada ya saa kadhaa
- homa au kutetemeka kwa baridi
- macho ya manjano
- kutapika kusikokoma
- tumbo kuvimba bila choo wala hewa

Homa, manjano na maumivu zikija pamoja, huenda mifereji ya nyongo imeingiwa na maambukizi. Hiyo ni dharura.

Kuhusu mafuta na limau

Baadhi ya watu hunywa mafuta ya zeituni na maji ya limau, kisha huona vidonge vya kijani chooni na kuamini mawe yametoka. Vidonge vya aina hiyo vilipopimwa katika maabara, vilionekana kuwa sabuni iliyotengenezwa tumboni kutokana na mafuta yale yale. Mawe hubaki palepale. Tiba ya kudumu kwa mwenye maumivu ya kurudiarudia ni kuondoa kifuko, mara nyingi kupitia matundu madogo, na mtu huishi vizuri bila kifuko hicho.

Hifadhi ripoti yako

Aliyewahi kuambiwa ana mawe, hata kama ni miaka kumi iliyopita na maumivu yalikwisha, aiweke ripoti ya altrasaundi pamoja na kitambulisho. Daktari anayempokea mzee aliyevimba tumbo usiku hatafikiria jiwe la nyongo upesi asipoambiwa. Watoto na wajukuu nao wajue ripoti iko wapi, kwa sababu mgonjwa anaweza kufika akiwa hawezi kuzungumza. Ambao hawajajisajili na SHA wanaweza kufanya hivyo kwa kubonyeza *147#, kabla ugonjwa haujabisha hodi.